Msalaba wa Golikipa

Wiki iliyopita binamu yangu mdogo alinitumia picha kwenye simu, na chini yake akaandika, "Yaya, hawa ni watu gani?" Yaya kwetu ni dada mkubwa. Alikuwa ameikuta ndani ya sanduku la Tante Furaha, shangazi yetu tuliyemzika mwezi uliopita. Nilikuwa jikoni kwangu, mtaa wa Katoyi, sombe ya majani ya muhogo iko motoni, na nilipoifungua ile picha niliweka mwiko chini. Wanaume kumi na mmoja wa timu ya mpira pamoja na mwalimu wao, wamevaa kaptula pana zinazofika magotini, na juu ya vichwa kuna misalaba midogo ya wino wa buluu. Katikati ya safu ya mbele amepiga magoti golikipa, mpira mikononi. Jezi yake inaonekana vizuri, hata vidole vyake unaweza kuvihesabu. Uso hana. Mahali pa uso pana doa jeupe lenye ukungu wa buluu, na doa lile nililifanya mimi nilipokuwa na miaka saba.

Sikumjibu binamu siku ile. Sombe iliungua, watoto wakala mkate na chai, na mume wangu akaniuliza mara mbili kama ninaumwa.

Golikipa yule alikuwa babu yangu, Bauma. Sisi wajukuu tulimwita koko, kama watoto wengi wa Goma wanavyowaita wazee wao. Tuliishi naye Mabanga, katika nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe meusi, na picha ilining'inia saloni, yaani sebuleni, juu zaidi ya kalenda ya parokia. Hiyo ndiyo ilikuwa timu ya Makaa. Jina walipewa na watu wa mtaani, kwa sababu walifanya mazoezi kwenye vumbi la volkano na walirudi makwao weusi hadi kwenye kope. Yalikuwa mambo ya zamani za Wabelgiji. Sisi tulikuta majina tu, lakini majina yale tuliyajua kuliko ya mitume kumi na wawili, na sista wa katekisimu alilijua hilo na halikumfurahisha.

Kulikuwa na Mulango, beki, mpishi wa misheni, ambaye kwa maneno ya koko alipitwa na mtu mmoja tu maisha yake yote, na mtu huyo alimwomba radhi. Kulikuwa na kapteni, katekista mwembamba asiyeruhusu tusi uwanjani, hata wenzake wakajifunza kuwatukana wapinzani kwa nyimbo. Kulikuwa na mchungaji wa ng'ombe kutoka Masisi aliyeshuka kwa miguu siku ya mechi, akauza maziwa yake, akacheza kati, kisha akaanza kupanda mlima kabla jua halijazama. Na kulikuwa na Papa Mashini, mfungaji. Aliitwa hivyo kwa sababu ya miguu yake: hatua ndogo, za haraka, zinazofuatana bila kukosea, utadhani cherehani inashona pindo.

Hadithi aliyoipenda koko kuliko zote ni ya viatu. Padri mmoja aliwaletea jozi sita za viatu vya mpira, na wao ni kumi na mmoja. Wakakaa kikao kizima, wakakata shauri kila mtu apewe kiatu kimoja, cha mguu wake wa kupigia, na golikipa apewe viwili. Hesabu ilitimia. Walichosahau ni kwamba viatu vya kulia vilikuwa sita tu, na karibu wote walipiga kwa mguu wa kulia. Basi wanne wao walicheza msimu mzima na kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia, na wakashinda. Papa Mashini alikuwa mmoja wa wale wanne. Kidole chake cha mwisho kilipinda na hakikunyooka tena, na tukimwomba sana alivua soksi akatuonyesha.

Katika picha amechuchumaa kando ya koko, mkono begani kwake. Miaka mingi baadaye ulikuwa bado uko pale, naweza kusema. Alikaa mtaa wa tatu kutoka kwetu na alikuja kila Jumapili baada ya misa, na kopo la dawa ya mgongo yenye harufu kali ya kupenya puani. Walipakana magoti zamu kwa zamu, wakigombana juu ya magoli ya zamani. Nyumbani kwake walisema Kinyarwanda, kwetu tulisema Kihunde, na wao wawili walikuwa na Kiswahili chao cha uwanjani ambacho Tante Furaha alikuwa akikifungia mlango ili tusikisikie.

Misalaba ilikuwa kazi yao wawili. Habari ikifika kwamba mmoja wa Makaa amefariki, kwa barua kutoka Kisangani au kwa mdomo wa dereva wa lori, koko aliigeuza picha itazame ukuta. Ilibaki hivyo mpaka siku za kilio zimalizike. Halafu Papa Mashini alikuja amevaa koti. Koko aliishusha picha, akazungusha vimisumari vinne vilivyoshika kadibodi ya nyuma, akaitoa kwenye kioo. Mmoja alishika, mwingine akaandika, na mara nyingine wakabadilishana. Hakuna aliyeruhusiwa kuandika peke yake. Mwaka ule misalaba ilikuwa tisa, kisha ikaja barua, ikawa kumi. Kwenye picha nzima walibaki wawili wasio na alama, yeye na mwenzake aliyemshika bega.

Kwetu kifo hakikutajwa mbele ya watoto. Tulipelekwa kulala kwa jirani, na tukirudi tulikuta nguo nyeusi kwenye kamba. Wale waliokufa wengi wao walikuwa wamehamia mbali na sikuwahi kuwaona wakitembea. Kwangu waliishi ndani ya picha na waliendelea kuishi humo. Kwa hiyo mimi niliona kitu kingine kabisa. Niliona kwamba msalaba hutanguliwa na wali na nyama, na wazee wakikaa kumsifu mtu mmoja mchana kutwa, jinsi alivyopiga kichwa, jinsi alivyocheza na mkono uliovunjika. Tena kule katekisimu sista alikuwa akituchorea msalaba kwenye daftari, kwa rula, kila aliyesema sala bila kukosea. Mimi nilikuwa na minne. Basi nilijua msalaba ni nini, na hakuna mtu ambaye angenibishia. Msalaba ni wa aliyefanya vizuri.

Hapo ndipo nilipoanza kuona dhuluma. Hata Kadogo, winga aliyepiga penalti ikaenda ziwani, alikuwa na msalaba. Koko wangu, ambaye mikono yake ilikuwa sumaku, hakuwa nao. Nililifikiria jambo hili kwa uchungu, nikila, nikioga, nikienda shule.

"Koko," nilimuuliza Jumapili moja, "wewe utapata yako siku gani?"

Alikuwa anapakwa dawa goti la kushoto. Alinitazama, akatazama picha. Papa Mashini ndiye aliyecheka kwanza.

"Yake mimi njo nitaandika," alisema. "Nilishamuahidi. Kama haiko mimi, basi yeye ataandika yangu. Tutaona nani atashinda."

"Wewe hauone hata vizuri," koko akamwambia. "Utaniandika kwenye mupira."

Wakacheka mpaka wakakohoa. Tante Furaha alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, na yeye hakucheka. Aliweka sinia juu ya meza na kumkazia macho Papa Mashini. Nilidhani amekasirika kwa sababu chai inapoa.

Siku zile watu wazima walikuwa wameanza kuongea kwa sauti ya chini. Habari zilishuka kutoka milimani pamoja na viazi na maharage: shamba fulani limechomwa, ng'ombe wa fulani wamekatwa miguu. Watu waliozikana na kuoana miaka yote, Wahunde na wale wa Kinyarwanda, walianza kuulizana baba yako alitoka kilima gani. Mimi niliona tu kwamba majirani waliokuja kusikiliza hadithi za mpira siku ya Jumapili wamepungua, na kwamba Papa Mashini alianza kupita njia ya nyuma, kati ya vyoo na uzio wa jirani. Nilipomuuliza kwa nini, alisema huko ni karibu. Haikuwa karibu.

Kisha ikaja sherehe, fete kama tulivyoiita. Wakubwa wa mji waliahidi kuwaketisha mbele uwanjani wachezaji wa zamani, na koko alipiga pasi suruali yake tangu asubuhi na mapema. Alirudi mchana jua likiwa kali. Jina lake halikuwa kwenye liste, ile orodha ya walioalikwa, na kwenye kiti alichokuwa amekitegemea alikaa mtu ambaye hajawahi kugusa mpira. Alivua viatu, akavipanga vizuri chini ya kiti, akaenda kulala, na koko hakuwa mtu wa kulala mchana. Papa Mashini alikuja kumpa pole. Nilimfungulia mimi mwenyewe, akakaa saloni peke yake akingoja, akasikiliza mlango wa chumba ambao haukufunguliwa, mwishowe akaondoka.

Nyumba ilikuwa kimya. Nilichukua rula yangu na biki ya buluu, nikapanda kiti, nikaishusha picha. Vimisumari vilizunguka vizuri, maana nilikuwa nimewatazama mara nyingi wakifanya. Kadibodi ilinuka unyevu. Nilimchorea koko msalaba mkubwa kuliko yote, umenyooka, wenye ncha nne sawasawa, kama sista anavyotaka. Papa Mashini nikamwacha angoje zamu yake. Nikairudisha picha ukutani na kushuka.

Nilifurahi sana. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kila niliyemsimulia hudhani nilifanya utundu. Lilikuwa jambo la upendo kuliko yote niliyowahi kufanya, na nililala siku ile nikingoja asubuhi aione.

Hakuiona, macho yake yalikuwa yamechoka. Siku ya tatu, Jumamosi, Tante Furaha alipanda kiti kufuta vumbi kwenye kioo. Aliacha kufuta. Nilikuwa sakafuni nachambua maharage, nikamwona amesimama pale na kitambaa mkononi, na nikatabasamu, nikijua sasa itasemwa.

"Papa," akamwita baba yake, kwa sauti ndogo sana. "Kuya uone. Wamekuandika."

"Nani ameniandika?"

"Uko na musalaba. Uko muzima, na uko na musalaba sawa maiti."

Ndivyo nilivyojifunza. Hakuna aliyenieleza, neno lile moja lilitosha, na mara moja nikaona kwamba wali, nyama, koti la Papa Mashini, nguo nyeusi kwenye kamba, vyote vilikuwa vinasema jambo moja miaka yote, na mimi ndiye sikuwa nasikia. Wale kumi wote walikuwa wamekufa. Na mimi nilikuwa nimemweka koko pamoja nao. Nikaendelea kuchambua maharage, nikitupa mazuri na kuweka mabovu.

Koko alivaa miwani, akaisogeza picha dirishani, akaitazama muda mrefu. "Ni batoto wamecheza," alisema. Akatuita, mimi na kaka zangu wawili, akatuuliza mmoja mmoja. Kaka zangu wakakana, na walikuwa wakweli.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Haiko mimi, koko."

Tante Furaha akainama mbele yangu, akanishika mabega. "Siku ile ya fete, nani aliingia hapa saloni?"

"Papa Mashini."

"Alikuwa peke yake?"

"Ndiyo."

Aliniachia, akasimama. "Alisema mwenyewe. Niko na masikio, papa. Alisema yeye njo atakuandika."

"Tulikuwa tunacheka," koko akasema.

"Wewe ulikuwa unacheka. Unaona mambo ya milima namna gani, na bado unawafungulia mulango. Ni mulozi. Anataka abaki wa mwisho, aongeze siku zake na siku zako."

Mulozi kwetu ni mchawi, mtu anayekula wenzake kwa siri. Neno hilo likisharushwa halirudi mkononi, na sikuwahi kulisikia likitajwa ndani ya nyumba yetu. Koko aliitazama picha mara nyingine, halafu akanitazama mimi. Kisha akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Tante Furaha aliirudisha picha ukutani, ikiwa imegeuzwa, akafunga saloni kwa ufunguo na kwenda sokoni kumtafuta mtu wa maombi. Dirisha la saloni lilikuwa dogo, mtu mzima hawezi kupita. Mimi nilipita. Nilikuwa na akili moja tu, kuutoa ule msalaba kabla haujafanya kazi. Niliishusha picha, nikaitoa kwenye kioo, nikalowesha kidole kwa mate na kusugua. Wino ulitapakaa, ukashuka kwenye paji la uso. Nikatumia pindo la gauni langu na maji kidogo yenye sabuni. Karatasi ikalainika, ikawa utelezi, na nilipoinua gauni, macho ya koko, pua yake na kile kicheko chake cha ujana vilikuwa vimetoka kwenye picha na kubaki kwenye nguo yangu, uchafu wa kijivu usio na umbo. Msalaba wenyewe, ule mstari mrefu, ulibaki unaonekana.

Nikairudisha ukutani. Nilifua lile gauni mara tatu.

Unaweza kufikiria ilivyokuwa walipofungua mlango kwa ufunguo, na mtu wa maombi yuko pamoja nao, wakakuta uso wa mtu umefutika ndani ya chumba kilichofungwa. Mtu wa maombi alirudi nyuma mpaka uani. Majirani waliitwa kuona, wakaingia wawili wawili, wakatoka. Kufikia jioni Mabanga nzima ilijua kwamba Papa Mashini anamfuta rafiki yake polepole, na kwamba uso ukishakwisha atashuka kwenye kifua.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alikuja na kopo lake la dawa, safari hii kwa njia ya mbele. Nadhani tayari alikuwa amesikia. Uzio wetu ulikuwa wa mawe, unaofika kifuani, na nyuma yake walisimama watu ambao kwa kawaida saa ile wangekuwa wanakula.

"Rudi kutoka hapo hapo, papa," Tante Furaha akamwambia.

"Bauma iko mugonjwa?"

"Unauliza sababu unajua."

Koko alikuwa amekaa ndani, hatua mbili kutoka dirishani, na mimi niko pembeni yake nimeshika mguu wa kiti. Papa Mashini aliinua sauti ipite juu ya kichwa cha Tante. "Bauma. Ni wewe unasema vile, ao ni batoto bako?"

Nilimtazama koko. Nilingoja aseme, nikijua kwamba akisema mimi pia nitasema. Niliahidi hivyo moyoni. Alifungua mdomo, nikaona ulimi wake, kisha akaufunga. Pale nje Papa Mashini alingoja. Alijua kwamba mwenzake anasikia vizuri kabisa. Mwishowe aliweka kopo la dawa juu ya uzio, akageuka, akaenda kwa zile hatua zake ndogo, na watu wakampisha kama wanavyompisha mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Watoto wa mtaa walianza kutupa mawe juu ya mabati yake. Kaka zangu walitupa. Mimi nilishika jiwe, sikulitupa, na mpaka leo sijui kama hiyo ni tofauti. Mtu aliyekuwa akimuuzia mkaa akaacha kumuuzia. Mwezi haukuisha, tukamwona anapita na godoro na sufuria mbili juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kijana anasukuma, yeye anatembea nyuma akishika godoro lisianguke. Alikuwa anakwenda Lac Vert, kwa binti yake. Hakutazama nyumba yetu.

Na mimi nikaanza kumngoja koko afe. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilisimama mlangoni kwake kusikiliza kama anakohoa. Akikohoa, siku yangu ilianza. Asipokohoa upesi, nilihesabu, na nilipofika ishirini niliingia ndani na kumgusa mguu. Alidhani ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi, lakini yalikuwa pia woga wa muuaji anayekagua kazi yake. Nilikua hivyo. Mambo ya milimani yalishuka mpaka mjini, yakatukimbiza mara mbili, yakaturudisha. Watu wengi wasio na msalaba wowote walikufa. Koko aliendelea kukohoa.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano, padri wa kipaimara alitutaka tukaungame. Nilitoka kwenye foleni ya kanisa, nikaenda nyumbani. Koko alikuwa uani anabangua maharage.

"Koko, ile musalaba ni mimi. Na uso pia ni mimi."

"Nilijua," alisema.

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia.

"Nilijua siku ile ile. Ulitumia rula. Mashini alikuwa hawezi kuvuta mustari wa kunyooka hata ukimushika mukono."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

Alibangua ganda moja, la pili, la tatu. "Batu walikuwa wanataka aende. Ningesema ni mutoto amecheza, wangetafuta sababu ingine, na mimi wangeanza kuniuliza niko upande wa nani. Niliogopa." Akatikisa ungo, maganda yakapeperuka. "Wewe ulikuwa mutoto. Mimi nilikuwa namujua tangu hatujaoa."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Miaka minane nilibeba mzigo ule nikidhani ni wangu peke yangu, na yeye alikuwa anakaa nami mezani, anajua. Nilitaka kumwambia maneno mabaya, na nilikuwa nayo. Badala yake nilisema, "Basi twende tumuambie."

"Nani atatembea mpaka kule?"

"Sisi."

Tuliondoka kesho yake asubuhi, kwa barabara ya Sake. Koko alivaa koti. Alipumzika mara tatu, mara ya tatu kwa muda mrefu, akichora chini kwa fimbo yake na kuyafuta aliyochora. Jua lilikuwa halijafika utosini tulipoonyeshwa nyumba. Mwanamke mmoja alikuwa anamenya viazi mlangoni. Alimtambua koko mara moja, na hakusimama.

"Papa alishakufa," alisema. "Ni miaka mbili sasa."

Koko alibaki ameegemea fimbo.

"Alikuwa ananisemaka?" koko akauliza.

"Kila siku." Aliweka kisu ndani ya beseni. "Kila mutu mwenye alitoka Goma, alimuulizaka, Bauma anapumua? Wakimuambia ndiyo, anakula. Wakisema hawajue, sahani inabaki vile. Alisemaka, Bauma akikufa, hata ikuwe malaria, watasema ni mimi, watakuja kunichomea hapa pamoja na batoto. Alikuwa anakuombea maisha, muzee. Asubuhi na mangaribi, magoti chini na kile kidole chake kibaya. Na sisi wote tulikuwa tunakuombea. Batoto yangu wanajua jina yako kuliko jina ya shangazi yao."

Koko alikaa chini, pale pale kwenye mawe, na koti lake. Nilidhani ameanguka, nikamshika mkono. Mkono ule ulikuwa mzito na haukunishika.

"Alifikiri niliamini?" alisema. "Alifikiri mimi nilimuona mulozi?"

Yule mama alimtazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Alikuwa anangoja utume mutu aseme hapana," alisema, akachukua tena kisu chake.

Nilimwambia ni mimi niliyechora. Nilimwambia yote, rula, dirisha, gauni, na alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nilipomjibu, alinipa kiazi kimoja cha kuchemsha, na kingine akampa koko, na koko akakishika tu mpaka kikapoa.

Tulirudi polepole. Tulipofika Mabanga wanawake walikuwa bado sokoni na watoto walikuwa ndiyo kwanza wanatoka shule. Kwenda na kurudi, na mzee mwenye goti bovu akipumzika kila mahali, ilikuwa imetuchukua sehemu ya siku moja, na Papa Mashini alikuwa ametungoja huko miaka sita.